Mizani ya Magamaga

Pale Magamaga lori hupimwa ekseli kwa ekseli.
Kijana wa mizani hanitazami mimi, anatazama tarakimu:
ya mbele sawa, za kati sawa, za nyuma sawa,
pita.
Mimi niliye juu, kilo mia na nne,
sijawahi kuandikwa popote.
Nimehesabiwa pamoja na dizeli.

Miaka kumi na tisa nimekaa.
Usidanganywe na ukubwa wa gari, kazi yenyewe ni hiyo:
kukaa.
Mguu wa kushoto unajua klachi, wa kulia mafuta na breki,
na kati yao tumbo likakua kama shehena isiyo na risiti,
likawa linagusa usukani kabla ya mikono.
Roleksi Naluwerere, mishikaki Lukaya,
kisha kulala nimekunja magoti nyuma ya kiti,
hata mgongo ukaanza kunisemesha usiku.

Nikaupuuza,
mpaka siku tuliyomzika baba kule Nagongera.
Wanaume sita tulipangwa kwenye jeneza.
Hatua ya nne kitu kikakatika chini ya mshipi wangu,
na binamu yangu Obbo, mwalimu, mwembamba kama chaki,
akanipa kofia yake, akasema taratibu:
Pisha.
Nikapisha.
Nikafuata nyuma na watoto, nimeshika kofia ya mtu.
Mvuta tani ishirini na nane kutoka Mombasa
alishindwa kuvuta sehemu yake ya sita ya baba.

Basi sasa, foleni ya Malaba inapolala,
nashuka kabla jua halijapanda turubai.
Nina drami ya breki iliyopasuka,
fundi wa Tororo aliniuzia kwa bei ya chuma chakavu.
Nina jerikeni mbili za maji na bomba la spana.
Bampa ni ya kuegemea, nikisukuma ardhi kwa mikono.
Ekirapa, utingo wangu, hukaa juu ya gurudumu la akiba
akitafuna muwa, akihesabu kwa hila:
akifika saba anarudi tano.
"Ile haikushuka vizuri, mzee."

Walicheka. Dereva wa tangi aliuliza kama naoa tena.
Mama Nabwire wa chai alisema:
"Akifa, msimlaze mbele ya kibanda changu."
Siku hizi ananiita nimsogezee gunia la makaa.

Changamwe, zamani, mpakizi mmoja, Mzee Shee,
aliniambia kwamba hata shairi lina mizani,
nane huku, nane kule,
lisipotimia linachechemea. Akanipa hili nilipakie kichwani:

    Chuma hakina huruma, hakijui cheo chako,
    Ukikinyanyua hima, kitavunja uti wako,
    Pumua kisha simama, hesabu pumzi zako,
    Mwili nao ni shehena, na dereva wake wewe.

Limetimia. Halichechemei.
Mimi bado, asubuhi, mguu wa kushoto.
Tumbo nalo halijaondoka,
ila sasa mikono hutangulia kufika.

Kofia ya Obbo sijairudisha.
Iko kwenye dashibodi, imepauka upande wa jua.
Mwezi jana alinishika mkono, akakuta sugu kiganjani,
akaushikilia kidogo zaidi ya salamu.
Hakuuliza kofia.

Leo drami iko kifuani, Ekirapa amefika kumi na moja,
mara honi nyuma yetu: foleni imesogea, gari mbili, tatu.
Naisukumia chini ya kiti,
huko Magamaga wataipima bila kujua ni ya nini.
Jasho linadondokea usukani.
"Na ya kumi na mbili?"
Andika deni, namwambia.
Tutalilipa Bugiri.